Ruhusa ya Moshi

Hewa haina mlango wala kufuli. Tajiri na maskini huivuta bila kuuliza bei, na mtoto mchanga huanza kuitumia kabla hajapewa jina. Kwa sababu hiyo watu wengi wasikiapo kwamba ziko nchi ambamo ruhusa ya kutoa moshi huuzwa na kununuliwa sokoni kama gunia la mahindi, hushtuka na kusema kwamba jambo hilo ni haramu. Kushtuka ni dalili ya moyo ulio hai, lakini si hoja. Mtu aweza kushtushwa na dawa chungu kama anavyoshtushwa na sumu. Inatupasa kwanza kuijua biashara yenyewe, maana hukumu haitolewi kabla ya kesi kusikilizwa.

Mamlaka yenye kusimamia hewa ya eneo fulani hupima moshi utokao katika viwanda vyote vya eneo hilo kwa mwaka mmoja. Tuseme jumla yake ni tani 1,000. Mamlaka huamua kwamba moshi usizidi tani 600, kisha hutoa vibali 600, kila kibali kwa tani moja. Kiwanda kitakachotoa moshi bila kibali hutozwa faini kubwa. Tuseme tena kwamba viwanda ni viwili, kila kimoja hutoa tani 500, na kila kimoja kimepewa vibali 300. Cha kwanza ni kipya, nacho chaweza kusafisha moshi wake kwa dola 100 kila tani. Cha pili ni kikuukuu, na kusafisha tani moja humgharimu mwenyewe dola 900. Sheria ya namna ya zamani ingeamuru kila kimoja kipunguze tani 200, na gharama ya wote wawili ingekuwa dola 200,000. Sokoni, mwenye kiwanda kipya hupunguza tani 400, akabaki na vibali 200 asivyovihitaji, akamwuzia jirani yake kwa bei watakayopatana. Moshi ulioingia hewani ni tani 600, kama ilivyoamriwa, lakini gharama ya kuusafisha imekuwa dola 40,000 tu. Hiyo ndiyo hesabu yote. Mchumi wa Kanada, John Dales, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1968, akifikiria hasa uchafu wa maji, na wakati huo wengi waliiona kuwa ni mchezo wa wasomi.

Haikubaki mchezo. Kwa miaka mingi mitambo ya umeme ya Ohio, Indiana na majimbo jirani ya Marekani ilichoma makaa ya mawe yenye kiberiti kingi. Gesi ya kiberiti ilipaa katika madohani marefu, ikachukuliwa na upepo mamia ya maili kuelekea mashariki, ikachanganyika na maji ya mawinguni, kisha ikanyesha kama mvua ya tindikali juu ya milima ya Adirondack katika jimbo la New York. Samaki walikufa katika maziwa ya milima hiyo, ambako hapakuwa na dohani hata moja la kulaumiwa. Tarehe 15 Novemba 1990 Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria iliyoweka kikomo cha gesi hiyo kwa mitambo ya umeme na kuruhusu vibali vyake viuzwe. Mitambo mikubwa iliyochafua zaidi iliingia sokoni mwaka 1995, na iliyosalia mwaka 2000. Kila dohani lilifungwa chombo cha kupima moshi mchana na usiku. Mwaka 1980 mitambo ya umeme ya nchi hiyo ilitoa zaidi ya tani milioni 17 za gesi ya kiberiti. Mwaka 2010 ilitoa tani milioni 5 hivi. Haki yadai tuseme kwamba soko halikufanya kazi hiyo peke yake: makaa ya mawe ya Wyoming, yenye kiberiti kidogo, yalikuwa yamekuwa rahisi kusafirishwa kwa reli, na sheria nyingine zilifuata baadaye. Lakini kikomo kilishikwa, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotabiriwa na wale walioipinga sheria.

Basi kama moshi ulipungua, swali la maadili latoka wapi? Latoka mahali pawili, na la kwanza lahusu aibu.

Mwaka 1997, mataifa yalipokutana Kyoto kushauriana juu ya gesi zinazoongeza joto la dunia, Michael Sandel, mwalimu wa falsafa ya siasa katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika gazetini kwamba kununua haki ya kuchafua ni kinyume cha maadili. Hoja yake ilisimama juu ya tofauti baina ya faini na ada. Faini hutozwa mkosaji, nayo hubeba lawama ya jamii. Ada hulipwa na mteja, nayo haina lawama yoyote. Uchafuzi ukigeuzwa kutoka jambo la faini kuwa jambo la ada, mchafuzi hutembea kichwa juu, na ile hisia kwamba sote tuna wajibu wa kujinyima kidogo kwa ajili ya wenzetu hudhoofika.

Tuitazame hoja hii kwa mfano ulio karibu nasi. Katika shule ya bweni kila mwanafunzi ana zamu ya kufagia. Mwanafunzi mwenye fedha amlipa mwenzake asiye na fedha amfagilie zamu zake zote za muhula. Bweni li safi kama siku zote. Aliyelipa ameridhika, na aliyelipwa amepata nauli ya kwendea kwao. Lakini hakuna mwalimu wa zamu atakayelikubali jambo hilo, nami naamini wanafunzi wenyewe wangeona kwamba kitu fulani kimeharibika. Ufagio ulikuwa ukifundisha zaidi ya usafi. Ulikuwa ukisema kwamba ndani ya bweni hakuna bwana wala mtumwa.

Hoja ina nguvu, lakini haifiki mbali kama inavyotaka kufika. Kiwanda si mwanafunzi, na moshi wa kiwanda si uvivu. Dohani lile lile linalotoa gesi ya kiberiti ndilo liletalo umeme wa chumba cha upasuaji. Kuna maovu ambayo hata moja ni mengi: hatuwezi kusema kwamba mwaka huu tutatoa vibali 600 vya kupiga watoto wachanga, na mwaka ujao tutavipunguza viwe 500. Pendekezo kama hilo ni ovu tangu neno lake la kwanza. Lakini kama moshi ungekuwa wa jamii hiyo, basi sheria ya zamani pia ingekuwa ovu, maana nayo ilitoa ruhusa. Iliambia kila kiwanda: tani 300 ni zako, zitoe bila malipo na bila lawama. Ruhusa ilikuwapo daima. Haikuwa na bei tu, na kwa kuwa haikuwa na bei hapana aliyeiona. Wenye kushtushwa na soko hawakushtushwa na ukarimu huo, nami sioni kwa nini.

Hata hivyo soko lina jambo la kujibu kuhusu ukarimu. Vibali vya mwanzo aghalabu hugawiwa bure, kwa kadiri ya moshi ambao kila kiwanda kilikuwa kikiutoa zamani. Maana yake ni kwamba aliyechafua sana hupewa mali nyingi ya kuuza, na yule aliyejitahidi mapema hupewa kidogo. Bunge la Marekani lilihisi ugumu huu, kwa maana katika sheria ile ya 1990 liliandika wazi kwamba kibali cha moshi si haki ya mali. Kitanunuliwa, kitauzwa, kitawekwa akibani, lakini serikali yaweza kukipunguza au kukifuta bila kumfidia mwenye kukishika. Mfanyabiashara ataona ajabu kununua kitu ambacho sheria yakataa kukiita mali. Mimi naona maneno hayo ndiyo yenye busara kuliko yote katika sheria nzima, kwani yasema kwamba hewa imeazimwa, haikuuzwa.

Sasa tufike mahali pa pili, na hapa ndipo penye uzito. Tumesema kwamba kupiga watoto hakuwezi kuwekewa vibali kwa sababu kila pigo humwangukia mtoto fulani, na mtoto huyo hafarijiki kwa kuambiwa kwamba jumla ya mapigo nchini imepungua. Je, moshi nao humwangukia mtu fulani?

Jiji la Los Angeles lina bahari upande mmoja na milima upande wa pili, na hewa yake hutuama kama maji ya kisimani. Mwezi Oktoba 1993 mamlaka ya hewa ya eneo hilo ilipitisha kanuni za soko la gesi za nitrojeni na za kiberiti, na soko likaanza Januari 1994, likiwa na viwanda karibu 390. Vibali vya mwanzo vilitolewa kwa mkono mpana mno. Kwa miaka kadhaa vilizidi moshi wenyewe, bei ikawa ndogo, na wenye viwanda wengi hawakuona haja ya kununua mitambo ya kusafishia. Kikomo kilipokaribia kubana, mwaka 2000, California iliingia katika dhiki ya umeme. Mitambo ya zamani ikaendeshwa kwa nguvu zake zote, na bei ya kibali cha tani moja ya gesi za nitrojeni, iliyokuwa dola elfu chache mwaka 1999, ikapita dola 30,000. Mwaka 2001 mamlaka iliitoa mitambo ya umeme sokoni na kuiamuru ifunge vyombo vya kusafishia. Soko lilipolemewa, amri iliitwa kulisaidia.

Lakini kisa nitakacho kukieleza ni cha kanuni nyingine ya mamlaka hiyo hiyo. Meli za mafuta zipakiapo katika bandari za eneo lile, mvuke wa mafuta hutoka, na ndani ya mvuke huo imo benzeni, ambayo huleta saratani. Vyombo vya kuunasa mvuke vilikuwako. Kanuni ya 1993 iliwaruhusu wenye magati wasivifunge, mradi wanunue magari makuukuu yenye moshi mwingi na kuyavunja yawe chuma chakavu. Kwa hesabu ya jumla lilikuwa jambo la busara: gari la zamani huchafua kuliko magari mengi mapya, na kulivunja ni rahisi. Basi magari yalinunuliwa katika eneo zima la Los Angeles, na hewa ikaboreka kidogo kidogo kila mahali. Mvuke wa mafuta ulibaki pale pale ulipokuwa, penye magati, na miongoni mwa majirani zake ni watu wa Wilmington, mtaa wa bandarini ambao wakazi wake wengi ni wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wenye kipato kidogo. Mwaka 1997 watetezi wao walipeleka mashtaka kwa serikali kwamba usafi wa hewa ya wengi umenunuliwa kwa mapafu ya wachache. Daftari la mamlaka lilikuwa na jumla sahihi, lakini daftari halina mapafu.

Watetezi wa soko hujibu kwamba kisa hiki ni cha kanuni iliyotungwa vibaya, wala si cha soko lenyewe. Wana ushahidi wa kuwasaidia. Mwaka 2012 wachumi watatu walichapisha uchunguzi uliolinganisha viwanda vya soko la Los Angeles na viwanda vya namna hiyo hiyo vilivyo nje ya soko, wakaona kwamba vya sokoni vilipunguza gesi za nitrojeni kwa asilimia 20 hivi zaidi, na kwamba mitaa ya maskini haikuonekana kunyimwa sehemu yake ya upungufu huo. Naukubali ushahidi huo. Lakini haukutokana na kanuni za soko. Soko halikuulizwa lolote juu ya mitaa, na kama upepo na bei vingekuwa vingine, matokeo yangeweza kuwa mengine. Mtu aliyeponea chupuchupu hana haki ya kujisifu kwamba aliangalia barabara. Mwaka 2017 mamlaka yenyewe iliamua kulifunga soko hilo hatua kwa hatua na kuvirudisha viwanda chini ya amri ya vyombo vya kusafishia.

Swali hilo hilo lilifika mbele ya mahakimu. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ilikuwa imetunga kanuni ya kulipanua soko la gesi ya kiberiti na ya nitrojeni katika majimbo ya mashariki, na jimbo la North Carolina likashtaki. Mwezi Julai 2008 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kwamba sheria hulinda kila jimbo lililo chini ya upepo dhidi ya moshi wa jirani aliye juu yake, na kwamba soko la eneo zima, ambalo halijali moshi wa nani wamwendea nani, halitimizi wajibu huo. Kanuni mpya ya 2011 ilizuia sana biashara ya vibali baina ya jimbo na jimbo. Kibali cha tani moja kilichouzwa kwa zaidi ya dola 1,500 mwishoni mwa 2005 kilikuwa hakifiki dola moja mwaka 2012. Wachumi wengine huomboleza kifo cha soko lile. Mimi nasikia katika hukumu ile sauti ya mtu wa Wilmington, ingawa mahakama ilikuwa ikisema juu ya majimbo.

Hapa msomaji mwangalifu huenda akakumbuka kwamba nchi yetu pia ilirekebisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023 ili kuweka masharti ya masoko ya kaboni. Asichanganye mambo mawili. Gesi ya ukaa itokayo Nairobi na ile itokayo Tokyo hulipasha dunia joto kwa namna moja, haina jirani. Vumbi la moshi na gesi ya kiberiti zina jirani, na jina lake lajulikana. Kwa hiyo biashara iliyo halali katika moja yaweza kuwa dhuluma katika nyingine, hata kama vibali vimechapishwa kwa wino mmoja.

Je, basi tuseme kwamba moshi wenye jirani usiuzwe kamwe? Nilikuwa karibu kusema hivyo, lakini Surat imenizuia. Surat ni mji wa jimbo la Gujarat, India, jimbo ambalo nguo zake zilivaliwa katika pwani yetu kwa karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika, na hata leo mji huo ni wa viwanda vya nguo. Sheria ya huko ilikuwa kali kwa maneno. Kiwanda kilichozidisha vumbi la moshi kingeweza kufungwa, na mwenyewe kushtakiwa. Lakini kwa kuwa adhabu ilikuwa nzito mno na kesi zilichukua muda mrefu, ilitolewa mara chache, na wengi waliivunja sheria bila hofu. Mwaka 2019 lilianzishwa soko la vibali vya vumbi hilo. Viwanda 317 viligawanywa kwa kura, karibu nusu vikaingia sokoni na vilivyosalia vikabaki chini ya sheria ya zamani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yaonyesha kwamba vya sokoni vilipunguza vumbi kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko vingine, na karibu vyote vilikuwa na vibali vya kutosha kwa moshi wao.

Mtoto wa Surat alikuwa na sheria nzuri isiyomlinda, sasa ana biashara isiyopendeza inayompunguzia vumbi. Sithubutu kumwambia kwamba nimeichukia biashara hiyo kwa ajili yake. Pia viwanda vyote hivyo vimo katika mji mmoja na viunga vyake, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wa moshi hawako mbalimbali kama Ohio na Adirondack. Nadhani hapo ndipo mpaka ulipo, nao ni mpaka wa ramani kabla ya kuwa mpaka wa bei: soko lisiwe kubwa kuliko upepo, na sumu iuayo penye mlango wa mtu isiingizwe sokoni hata kidogo. Aliye mlangoni hapo aulizwe kwanza, maana katika visa vyote nilivyovitaja kikomo kiliwekwa na watu waliokaa mbali na dohani.

Kuna jambo moja zaidi la sheria ile ya 1990 ambalo vijana wa shule hulipenda wakilisikia. Kibali cha moshi kiliweza kununuliwa na mtu yeyote, si mwenye mtambo peke yake. Tangu mwaka 1993 vibali vichache viliuzwa kila mwaka kwa mnada, na miongoni mwa wanunuzi walikuwamo wanafunzi wa vyuo vya sheria na vyama vya watu wapendao mazingira. Walichanga fedha zao, wakanunua tani, wakavifungia vibali vyao visitumike na yeyote, ili tani hizo zisiingie hewani kamwe. Wengine huwalinganisha na watu wa zamani waliotoa fedha kuwakomboa watumwa, na wengine huuliza kama anayelipa fidia hakubali kwa kulipa huko kwamba aliyekamata alikuwa na haki ya kukamata. Fedha za mnada ule hazikubaki katika hazina ya serikali. Sheria iliagiza zigawiwe wenye mitambo ya umeme ambao vibali hivyo vilikuwa vimekatwa katika fungu lao, fungu walilopewa bure. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyetoa dola yake ili tani moja ya moshi isitoke, alimlipa mwenye dohani.